Kuchora gauni la doti moja ya khanga, kuanzia sokoni mpaka siku ya kuwasilisha darasani

Naandika hii kwa wale mnaosoma uchoraji wa mitindo ya nguo, au mnaojifunza wenyewe nyumbani, kwa sababu muhula uliopita tulipewa kazi moja ambayo imenifundisha kuliko zingine zote: chukua doti moja ya khanga, buni nguo humo humo, halafu ichore kiasi kwamba fundi akiiona anakata bila kukupigia simu. Ntaelezea nilivoifanya na pale nilipokosea ntasema ili we usirudie.

Kwanza kitambaa. Watu wengi wanaanza kuchora gauni zuri halafu ndo wanatafuta kitambaa cha kulifaa, kwa khanga huwezi kwenda hivo maana khanga tayari imeshapangwa. Mi nilienda Kariakoo, Mtaa wa Uhuru, nikakaa dukani karibu saa nzima nikifunua moja moja na muuzaji alikuwa mvumilivu kwelikweli. Khanga ina pindo inayozunguka pande zote nne, ina mji hapo katikati, na ina jina, yani yale maneno, yanayokaa juu kidogo ya pindo ya chini. Kipande kimoja ni kama sentimita 150 kwa 110, doti ni vipande viwili, ndo mtaji wako wote huo. Pima mwenyewe na futi ya kitambaa maana zinatofautiana, na pima na vitu vidogo pia: upana wa pindo, urefu wa jina, ua moja la kwenye mji lina ukubwa gani. Nilichukua yenye jina Japo sipati tamaa sikati na pale pale dukani nikajiwekea sharti kwamba jina lisikatwe na mshono hata herufi moja, kwa sababu khanga mtu ananunua kwa jina, mtu akimpelekea wifi yake khanga anakuwa amempelekea maneno, sasa we ukilipitisha jina chini ya kwapa umeiua khanga yenyewe.

Hiyo khanga ukifika nayo nyumbani usiichore bado. Mwombe dada au mama ajifunge, atembee, akae, anyanyue mkono, na we unachora haraka haraka sekunde 30 kila mkao, penseli 2B, karatasi yoyote hata nyuma ya fotokopi. Hapo hutafuti sura ya mtu, unatafuta kitambaa kinaning'inia kutoka wapi: begani, kifuani, kwenye nyonga, maana kila mkunjo una mahali umeanzia na ukishapaona huwezi tena kuuchora mkunjo kwa kubahatisha. Kitu kingine, khanga mpya ina wanga, inasimama na mikunjo yake ina kona kali, ikishafuliwa mara mbili tatu inalala laini inafuata mwili, kwa hiyo amua unachora ipi. Mi nilichora iliyofuliwa kwa sababu ndo watakayoivaa watu siku nyingi.

Baada ya hapo vimchoro vidogo, kama ukubwa wa kiberiti, angalau 20. Usirembe, ni mistari tu. Vyangu vya kwanza 10 vilikuwa nguo nilizokwisha kuziona mahali, kuanzia cha 12 hivi ndo mawazo yangu yakaanza kutoka. Nilichokichagua ni rahisi sana: kipande kimoja mbele, kimoja nyuma, ule upande wa 150 unalala mlalo kutoka mkono mpaka mkono na 110 inashuka chini, unakata shingo tu, unaviunga juu mabegani, halafu mishono miwili ya wima kutoka chini ya kwapa mpaka kwenye pindo, kitambaa kinachobaki pembeni kinakuwa kama mabawa. Jina linakaa chini mbele na chini nyuma, na pindo inamalizia mikono yenyewe. Jina langu lilikuwa na urefu wa sentimita 52 kwa hiyo mishono nikaiachanisha 64, jina likapona lote.

Sasa mwili. Mtu wa kawaida ana urefu wa kama vichwa saba na nusu, mchoro wa mitindo unavutwa mpaka vichwa 9. Kwenye karatasi ya A3, yenye urefu wa sentimita 42, kichwa nakipa sentimita 4, mwili mzima unakuwa 36, inabaki nafasi kidogo juu na chini. Weka alama ukihesabu vichwa kutoka utosini kushuka: kidevu 1, mabega 1 na nusu, kifua 2, kiuno 3, nyonga 4, magoti 6, nyayo 9. Piga mstari mmoja wima kutoka shimo la shingo mpaka chini, mguu unaobeba uzito lazima kisigino chake kiangukie karibu na huo mstari, ukiukosa huo mtu wako anaonekana anaanguka hata ungempaka rangi namna gani. Na ule upande unaobeba uzito nyonga inapanda na bega la upande huo huo linashuka.

Hapa ndo nilipoharibu. Nilihesabu skeli vizuri kabisa, kichwa cha mtu ni kama sentimita 22, mimi nimechora 4, kwa hiyo sentimita 110 za khanga zinakuwa 20 kwenye karatasi, nikashusha 20 kutoka begani nikachora pindo. Siku ya kuonyesha rasimu mwalimu akauliza mbona gauni linaishia gotini wakati maelezo yanasema linafika katikati ya muundi. Ni kweli, kwa sababu miguu nimeivuta na kitambaa sijakivuta! Kwa mtu halisi sentimita 110 kutoka begani zinafika muundini, kwa mtu wa vichwa 9 zinaishia chini kidogo tu ya goti. Dawa yake ni hii: kwenye mchoro wa mtu malizia nguo pale itakapofika kwenye mwili wa kweli, kwangu ilikuwa kama kichwa cha 7 na nusu, pindo na jina viache kwenye skeli ileile, unaurefusha mji tu. Halafu pembeni chora ule mchoro wa fundi, nguo imelazwa bapa bila mtu, mbele na nyuma, kwa uwiano wa kweli na vipimo vimeandikwa. Usiuruke huo, ule wa mtu unauza wazo na huu wa bapa ndo unashonwa.

Rangi nilitumia za maji, karatasi ya gramu 300, nyembamba zaidi inajikunja ukilowesha. Hamisha mchoro safi kwa kuubandika dirishani mchana, hauhitaji meza ya taa. Paka kwanza rangi ya chini ya khanga, acha ikauke kabisa, ndo uchore maua ya mji kwa brashi ndogo, na maua yakifika kwenye mkunjo yakatike, nusu huku na nusu kule yakiwa yamesogea kidogo. Wengi wanapaka maua mfululizo kama karatasi ya ukutani na nguo inaonekana bapa. Kivuli kinakuja mwisho, zambarau nyepesi yenye maji mengi juu ya kila kitu, nyeusi inachafua. Ngozi nayo ni hivo hivo, ngozi yetu usiichanganye na nyeusi, changanya kahawia nyekundu na buluu iliyokoza, uache sehemu nyepesi kwenye mashavu, mabega na muundi, inang'aa yenyewe.

Kama unaona mchoro umejaa sana tafuta kazi za René Gruau, mchoraji wa mitindo, yule aliyemchorea Dior, mbunifu wa nguo wa Paris, tangazo la manukato mwaka 1947. Mistari michache mno halafu nguo yote unaiona. Mi baada ya kumwangalia nilifuta sura yote nikabakiza midomo na kilemba tu, macho ya mtazamaji yakashuka yenyewe mpaka kwenye jina.

Siku ya kuwasilisha bandika kipande cha kitambaa chenyewe, kama huna cha kukata piga picha ya khanga ikiwa imetandazwa yote. Na kabla ya darasani mpelekee fundi wa mtaani ule mchoro wa bapa, usimwelezee chochote, msikilize anauliza nini. Wangu aliuliza kitu kimoja tu, shingo ina bitana au pindo la kukunja, nikaenda nikaongeza mstari mmoja na neno moja.