Kununua makubadhi na vitu vya ngozi Lamu, Mombasa na Unguja: geuza kwanza, patana bei baadaye

Makubadhi, yaani viatu vya wazi vya ngozi, yanayoning'inia kwenye maduka ya Lamu, Mombasa na Unguja hayatoki mkono mmoja. Mengine yameshonwa na fundi aliyeketi hapo hapo na msharasi wake wa kutobolea ngozi, mengine yamefika dukani kwa katoni. Ukiyatazama kwa juu yanafanana. Tofauti iko chini, pembeni na ndani, kwa hiyo kabla ya kuuliza bei kichukue kiatu ukigeuze.

Anza na ukingo wa soli. Ngozi halisi ikikatwa huonyesha nyuzinyuzi zilizosokotana. Ukiona utando wa plastiki juu ya kitambaa, hiyo ni ngozi bandia. Ukiona kitu kama unga ulioshindiliwa, hayo ni mabaki ya ngozi yaliyosagwa na kugandishwa kwa gundi, nayo hupasuka pale pale mguu unapokunja. Ukingo uliopakwa rangi nzito mpaka hauonyeshi kitu usiupite. Omba fundi akuonyeshe kipande kilichobaki cha ngozi ile ile.

Tazama pia rangi ya katikati. Ngozi iliyodabighiwa, yaani iliyotiwa dawa isioze, kwa magome ya miti kama miwati, huwa ya kahawia hadi ndani, nayo ni ngumu, inafaa soli na mshipi. Iliyodabighiwa kwa dawa ya kromi mara nyingi huwa na kijivu au kibuluu katikati. Ni laini, inavumilia maji zaidi, inafaa mkoba. Zote ni ngozi halisi. Kosa ni kuiweka ile laini peke yake kwenye soli: baada ya muda inatanuka pembeni na mguu unaanza kuteleza nje ya kiatu. Inuse pia. Harufu ya ngozi na gundi mpya hupungua ikipata hewa, lakini harufu ya kuoza inatokana na ngozi iliyoanza kuharibika kabla ya kudabighiwa, na hiyo haitoki.

Sasa gidamu, yaani ule ukanda unaopita kati ya kidole gumba na cha pili. Hapa ndipo makubadhi mengi yanapokufa, maana kila hatua inauvuta. Gidamu nzuri hupenya soli ya juu, ikalazwa kati ya tabaka mbili, kisha ikashonwa au kupigwa misumari midogo. Iliyobandikwa kwa gundi tupu huchomoka, kwa sababu joto la jua na jasho hulainisha gundi. Ivute kwa nguvu, fundi wa kweli hatakukataza. Halafu kunja soli kama mguu unavyoikunja: tabaka zikiachana na ukaona mwanya, mshono haukufika au haupo kabisa. Mshono wa soli uzunguke kiatu chote, na tundu zake zisikaribie ukingo mno, la sivyo ngozi itachanika kufuata mstari wa tundu.

Rangi nayo ijaribiwe. Lowesha kidogo kitambaa cheupe, sugua mara kumi. Nyekundu na nyeusi ndizo zinazotoka zaidi, na kwa mvaa kanzu hilo si jambo dogo. Alama hafifu ni kawaida kwa ngozi mpya. Kitambaa kikichafuka sana, rangi haikushika, acha.

Pima alasiri, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa kutembea. Ukiagiza kwa fundi, simama na uzito wote kwenye karatasi, chora miguu yote miwili, kisha weka alama kati ya kidole gumba na cha pili, maana ndiyo inayoamua gidamu itokee wapi. Fundi afuate mguu mkubwa. Kisigino kibakishe kama milimita 5 za soli nyuma yake. Mkanda wa juu ubane kidogo bila kukata: ngozi hulegea, na kilichokaa vizuri sana siku ya kwanza kitapwaya baadaye. Ukimnunulia mtu aliyeko mbali, akutumie mchoro wa mguu wake, si namba ya kiatu, kwa sababu namba za viwandani haziwiani na kalibu ya fundi, kile kiolezo anachokatia kiatu.

Agiza siku unayofika. Gundi inahitaji kukauka, na kiatu cha haraka kinakabidhiwa kibichi. Toa arubuni ya kununulia ngozi, salio ulipe baada ya kuvaa na kutembea. Bei ulizia maduka mawili matatu kabla ya kupatana, na ukiagiza jozi zaidi ya moja una haki ya kuomba upunguziwe. Kumkaba fundi mpaka senti ya mwisho ni hasara yako mwenyewe, kwani atapunguza pale usipopaona: uzi au tabaka ya ndani.

Mshipi uwe wa ngozi moja nzima, unene wa milimita 3 hadi 4. Miwili myembamba iliyogandishwa huachana. Urefu unapimwa kutoka bizimu hadi tundu la katikati. Mkoba uangalie pale mkanda unapoungana na mfuko: pawe na kiraka cha ndani na mshono wa kurudia. Viatu vya shanga vya Kimasai, vya masoko ya Nairobi na Arusha, hakikisha shanga zimepitishwa uzi ndani ya ngozi wala hazikubandikwa.

Ngozi ya chatu, mamba, kenge au chui usiiguse, hata muuzaji akisema ni ya zamani. Kenya ilipiga marufuku biashara ya nyara za wanyamapori tangu 1978, na mkataba wa kimataifa wa CITES, ulioanza kutumika 1975, unadhibiti usafirishaji wa nyingi ya ngozi hizo. Ngozi mbichi au ya mbuzi yenye manyoya isiyodabighiwa inaweza kuzuiwa uendako. Ya ng'ombe, mbuzi na kondoo iliyokwisha kutengenezwa kwa kawaida haina shida.

Funga kwa gazeti au kitambaa cha pamba. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania bara tangu 2019, na hata bila sheria hiyo, plastiki hufungia unyevu wa pwani ndani na kuleta ukungu. Ukungu ukitokea, futa kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, anika kivulini, kisha paka dawa ya viatu isiyo na rangi. Juani ngozi inakauka haraka, inakakamaa na kupasuka. Kiatu kikiingia maji ya bahari, kifute kwanza kwa kitambaa chenye maji baridi kutoa chumvi, ndipo ukianike.