Kutotolesha mayai kwa mashine hapa Dar: kuwa makini na maji

Ukinunua mashine ya kutotoleshea Kariakoo, muuzaji atakueleza sana habari za joto. Ni sawa, ila kwa Dar mimi nasisitiza zaidi maji. Hewa yetu tayari ina unyevu mwingi, na ukijaza maji kama mtu wa Iringa, vifaranga watakomaa kisha wafie ndani ya yai.

1. Mayai. Yatoke kwenye kundi lenye jogoo; mmoja anatosha matetea 10. Chagua ya ukubwa wa wastani, yasiyo na ufa, na usiyaoshe, maana unaondoa utando unaozuia vijidudu. Yahifadhi ncha nyembamba ikiwa chini. Wengi husema siku 7, lakini hizo ni za chumba cha nyuzi 15 hadi 18. Chumba cha Dar mwezi Januari hakifiki huko hata usiku, kwa hiyo usizidishe siku 4.

2. Mashine. Iweke mbali na jua la dirishani, na isikae kwenye chumba cha bati kisicho na dari. Iwashe siku moja kabla ya kuweka mayai. Yenye feni iwe nyuzi 37.5, isiyo na feni 38.5, kipimajoto kikiwa usawa wa juu ya mayai.

3. Maji. Nunua kipima unyevu, usikisie. Siku 18 za mwanzo unatafuta asilimia 45 hadi 55. Sasa angalia: hewa ya nje ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75, ikishapashwa moto mpaka 37.5, inabaki na karibu asilimia 49 bila wewe kuweka tone la maji. Ndiyo maana wakati wa masika naacha chombo cha maji cha mashine kikavu kwanza, nasoma kipimo, ndipo naamua. Juni na Julai hewa ikipoa kipimo hushuka, hapo weka maji kidogo.

Yai lazima lipoteze maji ili nafasi ya hewa ndani yake ikue, kifaranga apate pa kuvutia pumzi ya kwanza. Mizani ya jikoni itakuonyesha: mayai 10 yenye gramu 500 siku ya kwanza yawe karibu gramu 440 siku ya 18. Yakibaki 470, umezidisha maji.

4. Kugeuza. Mara 3 au 5 kwa siku. Andika alama kwa penseli usichanganye pande. Siku ya 7 mulika kwa tochi gizani: yai lenye uhai lina mishipa kama utando wa buibui na doa jeusi linalotikisika. Lisiloonyesha kitu ndani litoe.

5. Umeme ukikatika. Usifungue. Funika blanketi, matundu ya hewa yabaki wazi. Mayai huvumilia kupoa kwa saa chache. Joto likizidi 40 hayavumilii.

6. Siku ya 18. Acha kugeuza, sasa ndiyo ujaze maji, unyevu ufike asilimia 65 hadi 70. Ukisikia milio usifungue, na tafadhali usimbandulie kifaranga ganda. Kutoka tundu la kwanza mpaka kutoka kabisa anaweza kuchukua saa 24.

Wakikauka wahamishie bruda (sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga) yenye nyuzi 33 hivi. Kiini walichofyonza kinawatosha siku mbili, kwa hiyo wasubiri wenzao bila wasiwasi. Chanjo ya kideri (ugonjwa wa kuku wa Newcastle) ipange na mtaalamu wa mifugo wa kata kabla hawajatotolewa, ili siku ikifika dawa iwe tayari.