Kabla mtoto hajaanza kulia magharibi: kujiandaa na tumbo la mtoto mchanga

Ukiwa umeingia mwezi wa nane wa ujauzito, nguo za mtoto pengine umeshazifua na kuzikunja, beseni lipo, na mkoba wa hospitali uko nyuma ya mlango. Kuna jambo wengi wetu hatuliandai, nami sikuliandaa kwa mwanangu wa kwanza. Ni zile jioni ambazo mtoto kanyonya, kabadilishwa nepi, mwili hauna joto, na bado analia kakunja miguu tumboni, uso umemwiva, ngumi kakaza. Hapa Tanga utaambiwa ni gesi, au mchango, au jicho la mtu. Litajwe jina lolote, dawa yake itakuwa imeshafika mlangoni kabla hujauliza.

Mwanangu alikuwa na wiki tatu. Tulikuwa tumepanga Ngamiani, nyumba ya vyumba sita na ua mmoja, ambamo kilio cha mtoto usiku ni kilio cha nyumba nzima. Saa nne usiku akaanza kutapika na kulegea. Tulipofika hospitali nesi aliuliza: "Amepewa nini?" Nikajibu maziwa yangu tu. Alipouliza mara ya tatu ndipo mmoja wa tuliofuatana nao aliposema, kwa sauti ya chini, kwamba nilipokuwa naoga alimlambisha maji yaliyolowekwa mvuje, ule utomvu mkavu wenye harufu kali. Alifanya kwa mapenzi, na mtoto alipona. Lakini dakika zile za watu wazima kutazamana bila kusema sijazisahau. Tangu hapo naamini kwamba maandalizi ya kwanza ya tumbo la mtoto ni mazungumzo, tena yafanyike kabla ya uchungu kuanza.

Anza na mume. Ombi la mkwe kwa mama mkwe lina uzito wake, lakini mwanawe akisema linapokelewa vingine. Halafu zungumza na mama yako, na yule atakayekuja kukukanda na kumwogesha mtoto katika arobaini. Usiende na orodha ya makatazo. Kwa mtoto wa pili nilimwambia mama mkwe hivi: "Mama, mtoto akilia tumbo naomba asimeze kitu mpaka tumuulize nesi. Kumkanda na kumbembeleza nakuachia wewe, mkono wako unaujua." Alikubali, na alimkanda kuliko nilivyoweza mimi. Bibi anayepewa kazi yake hatafuti nyingine kwa siri.

Katika mazungumzo hayo vitaje vitu kwa majina, kwa sababu "dawa" kila mtu anaielewa vyake. Mvuje usiingie kinywani. Mwaka 1984 madaktari wa Marekani waliandika habari za mtoto wa wiki tano aliyepewa dawa ya mvuje kwa ajili ya tumbo, damu yake ikashindwa kubeba oksijeni inavyotakiwa. Kama nyumbani kwenu ni desturi kuufunga kwenye kitambaa, sigombani na desturi, ila usitundikwe kwa uzi shingoni, maana uzi unaweza kumkaba usingizini. Asali nayo isiguse ulimi wa mtoto kabla hajatimiza mwaka mmoja, hata ya kulambishwa kwa ncha ya kidole. Inaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo utumbo mchanga hauna nguvu ya kuzizuia, zikaota humo na kutoa sumu inayolegeza misuli hadi ya kupumulia.

Maji ndiyo yana mabishano makubwa, kwa sababu ya joto letu. Utasikia "mtoto ana kiu, koo limemkauka", na kikombe cha maji ya shamari kimeshaletwa. Maziwa ya mama karibu asilimia 87 ni maji. Mtoto anayenyonya kila anapotaka hahitaji tone la maji mengine kwa miezi sita, hata Februari ile ambayo feni inapuliza hewa ya moto. Tumbo lake ni dogo mno. Ukilijaza maji, maziwa yatakaa wapi?

Halafu ipo gripe water, ambayo karibu kila duka la dawa inauzwa. Aliyeianzisha ni mfamasia William Woodward wa Nottingham, Uingereza, mwaka 1851, na ile ya kwanza ilikuwa na pombe ndani yake, pamoja na sukari. Za leo nyingi hazina pombe, lakini hakuna ushahidi wa kueleweka kwamba zinaondoa maumivu ya tumbo la mtoto mchanga. Matone ya simethikoni, yale yanayounganisha viputo vidogo vya hewa, yalipopimwa kwa watoto wenye kilio hiki hayakuonekana kushinda matone ya kulinganishia yasiyo na dawa yoyote ndani. Chochote cha chupa, kiulizie kwanza kliniki. Na ikitokea mtoto kapewa kitu, chupa au karatasi yake isitupwe, mwende nayo hospitali.

Pamoja na hayo, jifunzeni mapema kwamba kilio hiki kina kalenda yake. Daktari T. Berry Brazelton aliwafuatilia watoto 80 wazima wa afya huko Marekani na kuchapisha alichokiona mwaka 1962. Kilio kiliongezeka wiki baada ya wiki, kikafika kileleni karibu na wiki ya sita kwa takriban saa tatu kwa siku, jioni kikizidi, kisha kikapungua kuelekea mwezi wa tatu. Kukitambua kilio kilichozidi, madaktari wengi walitumia kipimo cha tangu 1954: mtoto mzima wa afya anayelia zaidi ya saa tatu kwa siku, zaidi ya siku tatu kwa wiki, kwa zaidi ya wiki tatu. Kwa hiyo si kila kilio ni gesi. Mara nyingi hewa tumboni ni ile aliyoimeza kwa sababu ya kulia, wala siyo iliyomliza.

Kalenda hii ina faida nyingine. Wiki ya sita ndiyo wiki ya kumpeleka kliniki kwa chanjo. Mama anarudi nyumbani, mtoto analia jioni, na mtaa unasema sindano imemharibu tumbo. Sindano inaweza kumtia homa na usumbufu kwa siku moja au mbili. Kile kilio cha kila jioni kingefika kileleni wiki hiyo hiyo hata asingechanjwa. Waambieni wanaume wa nyumba nao wajue, kwa sababu nimeona chanjo ya wiki ya kumi ikiachwa kwa maneno haya.

Hewa nyingine huingia wakati wa kunyonya, kwa hiyo ukiwa bado hospitali, kabla hujaruhusiwa, mwombe mkunga akutazame mtoto akiwa titini. Kinywa kiwe wazi sana, kidevu kiguse titi, mdomo wa chini ubinuke nje, na ile sehemu nyeusi ionekane zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Ukisikia ulimi ukitoa mlio wa ta, ta, au chuchu ikitoka imebanwa kama lipstiki mpya, hewa inaingia. Mtoe kwa kupitisha kidole pembeni mwa kinywa, uanze upya. Mwache amalize titi moja kabla ya kumpa la pili. Kama kwa sababu ya kiafya mtatumia maziwa ya kopo, kikombe kidogo kilicho safi ni bora kuliko chupa ya chuchu, na maziwa yakishakorogwa yaachwe kidogo povu litulie.

Kumcheulisha, fanyeni mazoezi na mto, msicheke. Baba ajifunze hasa. Kuna namna tatu: begani, kidevu cha mtoto kikiwa juu ya bega lako, kukaa pajani, mkono mmoja ukishika taya zake wala si koo, au kulala kifudifudi kwenye mapaja yako. Msugue mgongo au umpigepige taratibu. Asipobeua baada ya dakika kama kumi, mwache. Wengine hawana hewa ya kutoa.

Kwa vitu, huhitaji kununua vingi. Khanga laini mbili tatu, mafuta mepesi ambayo hayana manukato, na kipimajoto, ambacho wengi tunakiacha wakati ndicho chenye kutoa jibu saa nane usiku. Mbeleko, ndiyo. Utafiti wa Montreal uliochapishwa mwaka 1986 ulionyesha kuwa watoto waliobebwa saa zaidi kila siku, hata walipokuwa hawalii, walilia pungufu kwa asilimia 43 walipofika wiki sita. Kwa watoto ambao tayari walikuwa walizi sana, majaribio ya baadaye hayakuona tofauti hiyo, basi msivunjike moyo akilia hata mikononi. Mchanga abebwe kifuani, shingo imeshikiliwa, uso wazi unauona.

Ukandaji ufanyike akiwa ametulia, si katikati ya kilio, na si mara tu baada ya kunyonya. Osha mikono, ipashe moto kwa kuisugua, anza upande wa kulia wa mtoto chini ya kitovu, panda juu, vuka, shuka kushoto kwake. Ndiyo njia utumbo mpana unayoifuata. Kisha miguu, kama anaendesha baiskeli, taratibu, halafu magoti yote mawili yasogezwe tumboni na kushikwa kidogo. Kitovu kisichoanguka kiachwe kikavu bila mafuta wala chochote. Akilia sana, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kwenye kiwiko, miguu ikining'inia huku na huku kama chui juu ya tawi, utembee naye uani. Akilala, mlaze chali, hata kama tumbo ndilo linalomsumbua. Msimfunge tumbo kwa kitambaa cha kubana, kwani mtoto mchanga anapumua kwa tumbo. Moshi wa ubani na udi, na jiko la mkaa, vikae nje ya chumba chake.

Chakula chako kula. Maharage na kabichi vinaleta gesi kwenye utumbo wako, na gesi hiyo haivuki kuingia kwenye maziwa. Tatizo la kweli kwa watoto wachache ni protini ya maziwa ya ng'ombe unayokunywa wewe, na hao mara nyingi wana vipele au damu kwenye kinyesi. Hilo ni la daktari, usijinyime kwa kubahatisha.

Pangeni zamu. Saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku ni ndefu kwa mtu mmoja aliyejifungua juzi. Tajeni majina: nani anapika, nani anambeba baada ya magharibi, nani anaitwa mama akishindwa. Na mkubaliane waziwazi kwamba mtu akihisi hasira inapanda, amlaze mtoto chali mahali salama, atoke nje dakika chache, aite mwenzake. Mtoto hatikiswi kamwe. Ubongo wake unaweza kuvuja damu kwa mtikiso mfupi tu.

La mwisho liandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, kwa maandishi ambayo hata dada wa kazi atayasoma: joto la kwapani nyuzi 37.5 au zaidi, au chini ya 35.5, kukataa kunyonya, matapishi ya kijani, au yanayoruka kwa nguvu kila anaponyonya, damu kwenye choo, tumbo gumu lililovimba, uvimbe kinenani usiorudi ndani, kulegea au degedege, kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kutopata choo cha kwanza ndani ya saa 48 tangu kuzaliwa. Kwa lolote kati ya hayo hakuna kukanda, mtoto anakwenda hospitali usiku huohuo.

Mjue mapema mnakwenda wapi na kwa usafiri gani. Wa Makorora na wa Pongwe wana vituo vya afya karibu, na Bombo ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa. Mweke namba za madereva wawili wa bajaji, si mmoja, na namba 115 ya m-mama, ya bure, kwa dharura ya mzazi na mtoto mchanga. Kadi ya kliniki, pesa ya nauli na khanga safi vikae kwenye mfuko mmoja, utundikwe kwenye msumari karibu na mlango, na kila mwenye kulala nyumba hiyo aoneshwe ulipo.