Ukitaka kuonja kahawa ya Nyeri mkahawani Nairobi
Mimi ni barista hapa Nairobi, na ombi langu kwa mteja mgeni ni hili: kabla ya kuagiza, uliza buni zimekaangwa lini. Mkahawa makini utakutajia tarehe. Usivutwe na herufi AA peke yake; hizo zinaeleza ukubwa wa buni, si ladha. Ukikuta ya Nyeri, hasa ya aina ya mbuni iitwayo SL28, omba ichujwe kwa karatasi, bila maziwa tafadhali. Mimi hupima gramu 15 kwa mililita 250 za maji ya nyuzijoto 93. Onja kabla ya sukari, kisha subiri ipoe kidogo: uchachu wake wa matunda hujitokeza hapo. Ikiwa chungu kupita kiasi, tuambie palepale tukuchujie nyingine.