Namna ya Kuandika Masimulizi ya Kondo ya Chembe kutoka kwa Wazee wa Malindi

Waliowavizia askari wa serikali ya Kiingereza kwa mishale mwaka 1914, katika vita vya Wagiriama viitwavyo Kondo ya Chembe, hawapo tena. Anayeketi nawe leo chini ya mwembe, iwe Ganda au Jilore, ni mjukuu au kitukuu aliyezisikia habari hizo utotoni, na kwa hiyo jambo la kwanza kuandika ni nani alimsimulia, na huyo naye alizipata kwa nani. Usimulizi usio na mlolongo huo hauwezi kupimwa, hata uwe mtamu namna gani.

Nenda asubuhi pamoja na mwenyeji anayekijua Kigiriama vizuri. Mwamkie mzee, mpe sukari na majani ya chai uliyomchukulia, kisha umwombe ruhusa ya kurekodi kabla hujaitoa simu mfukoni.

Usianze na tarehe. Ukimtajia mzee mwaka, huenda akaukubali kwa heshima tu, nawe ukadhani umethibitisha. Anza na mahali: "Baba, askari walipita njia gani?" Akishajibu, mwombe akupeleke, ikiwa miguu inamruhusu. Mzee mmoja niliyemhoji alishindwa kabisa kunieleza shambulizi akiwa amekaa kitini, lakini tulipofika kwenye njia ya kuteremkia Mto Sabaki aliinama, akachomeka mkongojo wake kwenye matope, akahesabu hatua hadi kwenye kichaka, akaniambia kwamba mwenye upinde ilimbidi anyamaze mpaka asikie viatu. Hatua zile zilikuwa 14. Andika mambo kama hayo papo hapo, kwa maneno yake mwenyewe.

Ndipo umuulize sababu, na hapa usiharakishe, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha vita vyenyewe: kodi ya nyumba, vijana kudaiwa kwa nguvu wakafanye kazi mashambani na baadaye wawe wapagazi wa jeshi, na amri ya kuwahamisha watu kutoka ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki, kwenye ardhi iliyokuwa ikiwalisha.

Kisha linganisha na maandishi, yakiwemo majalada ya wakoloni yaliyohifadhiwa Nairobi. Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyeongoza upinzani huo, na mwenzake Wanje wa Mwadorikola walikamatwa mwaka 1913 wakapelekwa mbali, bara ya magharibi, wakatoroka. Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, ililipuliwa kwa baruti Agosti 1914. Na Wagiriama waliposhindwa walitozwa faini ya rupia 100,000. Kisa cha Mekatilili kumtaka Mzungu amchukue kifaranga cha kuku mwenye vifaranga kina matoleo kadhaa. Yaandike yote, kila moja na msimulizi wake, wala usiyaunganishe yawe moja. Vilevile, mzee akisema "kondo", yaani vita, usilibadili neno lake likawa "fujo" au "uasi" kwa sababu tu karani wa serikali aliandika hivyo.

Majina ya waliouawa na waliowaua yanahitaji uangalifu mkubwa. Askari wengi walikuwa Waafrika, na wajukuu wao wanaishi, huenda katika kijiji jirani, kwa hiyo usichapishe jina la mtu wa kawaida kabla jamaa zake hawajakubali.

Ukimaliza kuandika, rudi umsomee mzee kwa sauti, polepole, mbele ya watoto wake. Atasahihisha jina la kijito, atakumbuka mtu uliyemsahau, nawe uingize masahihisho hayo kabla hujaiachia familia nakala yao.