Kitenzi "take" kwa nahodha na mtembeza wageni

Jioni huwafundisha Kiingereza cha kazi manahodha na watembeza wageni hapa Amu, yaani mji wa Lamu, barazani, na kitenzi kinachowatoa jasho kuliko vyote ni "take". Kila mmoja huja na jibu la shuleni: "take" ni kuchukua. Nami nilikuwa nalo. Siku moja mgeni alinyooshea kidole kiti mashuani, akaniuliza, "Is this seat taken?" Nikamjibu hakuna aliyekichukua, si hicho hapo? Kumbe alitaka kujua kama kina mwenyewe.

Hatua ya 1: Shika maumbo yake. "Take" ni la sasa, "takes" ni la he, she na it, "took" ni la jana, "taken" hufuata have au was. "Taked" hakuna. Neno lenyewe ni la mabaharia: lililetwa Uingereza na watu wa Skandinavia takriban miaka elfu moja iliyopita, likalisukuma kando neno la wenyeji, "niman". Hilo la wenyeji limebakiza "numb", yaani kufa ganzi: kiungo kilichochukuliwa hisia zake.

Hatua ya 2: Tazama neno linalolifuata. Gawa ukurasa wa daftari safu mbili. Kushoto andika "take" pamoja na nomino yake. Kulia andika kitenzi ambacho ungekitumia ukizungumza na mamako. "Take a photo", kupiga picha. "Take a boat", kupanda mashua. "Take medicine", kunywa dawa. "Take a shower", kuoga. "Take a nap", kujilaza kidogo. Jaza mpaka ufike ishirini, na utashangaa kuchukua kunavyojitokeza kwa nadra. Wanaosema "kuchukua picha" wameshaingiwa na Kiingereza mpaka kwenye ulimi. Lakini tusiwacheke Waingereza sana; sisi tunapiga picha, pasi, simu na mswaki, na hakuna anayeumia.

Hatua ya 3: Muda. Hapa lugha mbili zimekutana. "It takes about forty minutes to walk to Shela": kwenda Shela kwa miguu huchukua kama dakika 40. Hata "it takes me" ni hunichukua tu. Kosa la wanafunzi wangu ni kuisahau "it" mwanzoni, kwa sababu Kiswahili hakiihitaji. Na ukiulizwa habari za Takwa, yale magofu ya kisiwani Manda, usitaje muda kabla hujatazama maji, maana ule mkondo wa mikokoni hupitika maji yakijaa. Anza na "It depends on the tide", ndipo useme "it takes".

Hatua ya 4: "Take" au "bring"? Wengi huchanganya, na dawa tunayo kinywani. Peleka ni "take", leta ni "bring". Uko Mokowe, gati ya upande wa bara, pamoja na mgeni anayetaka kuvuka: nitakupeleka Amu, "I'll take you to Lamu". Uko Amu, yeye yuko Mokowe anakupigia simu: nitakuleta Amu, "I'll bring you to Lamu". Sema kwanza kwa Kiswahili, moyoni, kisha ufungue mdomo.

Hatua ya 5: "Take off". Mlangoni mwa nyumba ya watu: "Please take off your shoes." Ukishavitaja viatu, "them" hukaa katikati: "take them off", si "take off them". Ndege ya Manda nayo "takes off", yaani inaruka. Mwanafunzi wangu mmoja aliuliza ndege imevua nini. Swali zuri. Haina kitu cha kuvua, ndiyo maana hakuna nomino baada yake.

Limebaki moja utakalolisikia kila siku gatini: "Take your time." Ukiambiwa hivyo huku unahangaika na kamba ya tanga, usitazame saa. Mgeni anakwambia: polepole tu, nahodha.