Kifaa cha kushukia kwa kamba: kamba ndiyo inayochagua

Kabla ya kuuliza bei, jua mambo mawili: kamba yako ina unene wa milimita ngapi, na utashuka kwa kamba moja au mbili. Kamba mbili maana yake ni kamba iliyopitishwa kwenye pete ya nanga (mahali palipofungwa imara kwenye mwamba) hadi katikati, ncha zote zikaning'inia, ili ukifika chini uvute upande mmoja na kuichukua. Ndivyo wapandaji wanavyoshuka kutoka kilele cha Nelion (mita 5,188) kwenye Mlima Kenya, nanga baada ya nanga. GriGri, kifaa kinachobana kamba chenyewe, peke yake haitoshi huko, kwani hupokea kamba moja tu. Ipo mbinu ya kuzuia upande mmoja kwa fundo kwenye pete, ila ukikosea ukaning'inia upande usiozuiwa, kamba yote inapita kwenye pete nawe unaanguka nayo.

Kifaa cha kwanza kununua ni cha matundu mawili, kama Reverso ya Petzl au ATC ya Black Diamond. Ni chepesi, hakisokoti kamba, hushusha kwa kamba moja au mbili, na humshikia kamba mwenzako anayepanda. Sukuma kikunjo cha kila kamba kwenye tundu lake, kisha pitisha karabina ya kufunga (pete ya chuma yenye mlango unaofungika) katika vikunjo vyote viwili. Kosa linalojirudia ni kunasa kikunjo kimoja na kuacha cha pili. Kama kina upande wenye meno, meno yaelekee mkono wa breki, yaani ule unaoshika kamba chini ya kifaa. Kosa la pili ni kukitia kamba nyembamba kuliko kilivyoundiwa: inateleza, mkono unachoka, nawe unashuka kasi usiyoitaka. Vipimo viko kwenye maelezo ya mtengenezaji, na mara nyingi vimechorwa kwenye chuma chenyewe.

Kasoro yake ni moja, nayo ni kubwa: ukiachia mkono, hakuna kinachokuzuia. Kwa hiyo kinunue pamoja na kitanzi cha uzi wa milimita 5 au 6. Uzungushe kwenye kamba mara tatu au nne chini ya kifaa, kisha unase ncha zake mbili kwa karabina kwenye kitanzi cha mbele cha hanesi (mikanda unayovaa kiunoni na mapajani). Mkono ukiachia, uzi unakaba. Lakini uzi ukigusa kifaa, kifaa kinausukuma na haukabi tena, ndiyo maana kifaa huinuliwa kwa utepe wa sentimita 60 ili kikae usawa wa kifua. Jaribu nafasi hiyo ukiwa umesimama ardhini.

Kifaa cha nane, chenye umbo la tarakimu 8, hushuka laini, hupoa haraka, na watu wa makorongo yenye maji bado wanakipenda. Kwa mwamba mkavu sikipendekezi kwa anayeanza. Husokota kamba, na ile ya kawaida isiyo na masikio (pembe za kuzuia kamba isipande) ina ugonjwa wake: unapovuka ukingo, kamba inaweza kupanda juu ya pete kubwa na kujikaza kuwa fundo. Hapo unabaki umening'inia, usiweze kushuka wala kupanda. Pia aina nyingi lazima uzitoe kwenye karabina ili kuvisha kamba, na hapo ndipo zinapoangukia bondeni.

GriGri, iliyotoka mwaka 1991, hubana kamba yenyewe inapovutwa ghafla. Toleo la 2019 hupokea kamba za milimita 8.5 hadi 11. Matoleo ya zamani yana mipaka tofauti, basi usikopeshane vipimo. Ni nzuri sana kwa mwalimu anayemshikia mwanafunzi kamba. Hatari zake mbili hutoka kwa binadamu: kuvisha kamba kinyume (fuata michoro ya mpandaji na mkono, kisha vuta kwa nguvu upande wa mpandaji uone kama inabana), na kuvuta mpini hadi mwisho kwa hofu. Ukivutwa hadi mwisho, kamba inapita bila kizuizi. GriGri+ ina mpini unaosimamisha kushuka ukivutwa kupita kiasi, nayo ndiyo ya kumpa mtu mwenye wasiwasi.

Karabina iwe pana, yenye umbo la pea, ya kufunga. Nyingi hubeba zaidi ya kN 20 (kilonyutoni, kipimo cha nguvu) kwa urefu lakini kama 7 tu kwa upana, hivyo ikigeuka ikalala ubavu, isahihishe kabla ya kuitia uzito. Karabina hiyo hiyo hukuokoa kifaa kikianguka: jifunze fundo la Munter, linaloshusha mtu bila kifaa chochote.

Kwenye mteremko mrefu tarajia breki ibadilike. Mwanzoni uzito wa kamba iliyo chini yako unakaza na unashuka kwa taabu. Karibu na ncha uzito huo umeisha na kasi inapanda. Funga fundo kwenye kila ncha. Usikimbie pia, maana chuma kikipata moto halafu ukasimama ghafla, ganda la kamba linaweza kuungua mahali hapo.

Kamba yenye mchanga hula alumini. Pitisha kidole kwenye njia ya kamba. Ukihisi ukingo mkali, kifaa kimekwisha.

Kabla ya kujitoa kwenye nanga, kaa kwenye kifaa kwa uzito wako wote huku utepe wa usalama ukiwa bado umefungwa. Kagua karabina, vikunjo na uzi wa kukaba, kisha ndipo ufungue.